Mnara wa simu, seredani na nyama ya kasa: kipi cha kuogopwa?

Ukikaa barazani hapa Unguja, mazungumzo ya afya hayachelewi kufika kwenye mnara wa simu. Nani anaumwa kichwa, nani kaharibu mimba, nani kapata saratani: mnara huo. Sicheki. Dude refu likisimamishwa pembeni mwa nyumba yako bila ya wewe kuulizwa, lazima litie wasiwasi. Ila mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuharibu vinasaba kama mionzi ya eksirei. Antena inayatupa mbele, si chini kwenye bati lako, na simu uliyoibana sikioni inakupa mawimbi mengi kuliko huo mnara. Ni kweli, mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyatia kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Baadaye dondoo ya jani zima la mshubiri nayo ikatiwa kundi hilohilo. Mimi mnara haunikoseshi usingizi.

Tuingie ndani sasa, tuyapime na maneno mengine tunayoyasikia majumbani.

"Makaa hayana moshi, kwa hivyo hayana neno."

Hapa ndipo ninapogombana na watu wangu. Kuni na makumbi hukufukuza jikoni kwa kukuwasha macho. Makaa yaliyokolea hayakwambii kitu, na kumbe yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mfikirie mzazi ndani ya arubaini yake: mvua ya masika, madirisha yamefungwa, seredani ya makaa imewekwa chumbani apate joto, na mtoto kalala pembeni. Kichwa kitamuuma, moyo utamchafuka, usingizi utamlemea, na sisi tutasema ni uchovu wa uzazi. Sisemi watu waache kumfukiza mzazi, nani atakubali? Fukizeni dirisha likiwa wazi, na seredani isilale chumba kimoja na watu. Huo moshi unaoonekana nao si wa kudharau: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, moshi wa majikoni uliua watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020.

"Maji ya kisima chetu meupe, utayaona mpaka chini."

Weupe hauonyeshi kipindupindu. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya karo hupita humo upesi bila ya kuchujwa vya kutosha. Maji yakishachemka kwa mapovu, dakika moja inatosha. Kuyaacha motoni nusu saa ni kumaliza makaa bure. Baada ya hapo yafunikwe, na kata isiingie na mkono.

Wengine husema tukilala ndani ya chandarua basi mbu tumemalizana naye. Kwa mbu wa malaria, ni karibu na kweli. Mbu wa dengi huuma mchana, na huzaa kwenye maji safi: ndoo, tangi lisilo kifuniko, kifuu kilichotupwa uani.

"Wanja wa jiwe ni wa asili, hauna kemikali."

Madini ya risasi nayo ni ya asili, yamo ardhini. Wanja mwingi wa manga unaosagwa kutoka kwenye jiwe umepimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na madini hayo. Mtoto mchanga tunampaka machoni na kwenye nyusi, naye anajifuta kwa kiganja, kisha kiganja kinaingia mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Mtu mzima akitaka kujipamba, hiari yake. Kichanga hana haja ya wanja huo.

"Nyama ya kasa ikipikwa sana, sumu hufa."

Hii Pemba inaijua kwa machozi. Novemba 2021 walikufa watu 7. Machi 2024, Kisiwa Panza, walikufa 9, wanane kati yao watoto, na makumi wengine walilazwa. Sumu hiyo haifi kwa moto, ndimu wala chumvi. Kasa mwenye sumu hana dalili yoyote: haonekani mgonjwa, na nyama yake hainuki. Waliokula wakasalimika mwaka jana walibahatika tu, hawakupata kipimo cha kumjua kasa mzuri. Mtoto anayenyonya naye anaweza kuipata kupitia maziwa ya mama aliyekula. Dawa ya kuiondoa hakuna. Hospitali hutibu dalili.

Kisahani cha jirani ni kigumu kukirudisha, najua. Hicho pokea, shukuru, kisha kazike nyama mbali na paka na kuku.