Acheni kunitumia ile klipu ya Jim Ross

Juzi tena. Mtu kanitumia klipu ya sekunde kama 15 hivi, mwanamieleka Mankind anatupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma, Jim Ross, mtangazaji wa mieleka wa Marekani, anapayuka, na chini yake kaandika, "Kaka, hivi ndo mechi inavyotangazwa, nyie wa siku hizi mmelala." Sijui huyo ni wa ngapi mwaka huu. Nilimrudishia dole gumba kwa sababu ya adabu tu, ila roho ilikuwa inachemka, na kwa vile mi mwenyewe ni mtangazaji wa mieleka, mtu wa kukaa pembeni ya ulingo na hedseti kichwani, nadhani nina haki ya kuchemka.

Maana imani ni ile ile, kwamba mtangazaji mzuri wa mieleka ni mwenye koo la tarumbeta. Akipiga kelele basi anajua kazi. Akitulia basi kalala. Methali ya debe tupu mnaijua wote, siirudii.

Haya, tuiangalie hiyo klipu yenyewe. Tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh, Undertaker na Mick Foley, ambaye ndo Mankind. Foley anatupwa chini karibu mita 5, anaangukia meza ya watangazaji wa Kihispania. Ross anapiga kelele, ndio, nani kakataa? Lakini sikilizeni anachosema. Anasema wamemuua mtu, anamwita Mungu awe shahidi kwamba mtu kavunjika vipande viwili. Hatamki jina la mtupo wowote, hasemi hili ni tukio kubwa kuliko yote katika historia, anamwongelea binadamu aliyelala pale kwenye mbao na basi. Halafu Foley anapanda tena juu, safari hii paa la kizimba linaachia, anapita nalo mpaka ulingoni, na hapo Ross anabadilika kabisa, anaanza kuomba kuwe na mtu wa kuisimamisha mechi. Mara ya kwanza alikuwa anatoa taarifa ya msiba, mara ya pili anasihi. Hofu mbili tofauti ndani ya mechi moja, na nyie wakata klipu mnakata ya kwanza tu kwa sababu ndo yenye kelele nzuri.

Na mwaka uliofuata, 23 Mei 1999, Kansas City, mwanamieleka Owen Hart alianguka akiteremshwa kwa waya kutoka juu ya ukumbi. Watu wa nyumbani hawakuonyeshwa akianguka. Ni Ross huyo huyo aliyelazimika kuwaambia kwamba hii siyo sehemu ya onyesho, na baadaye usiku huo huo kuwaambia kwamba Owen amefariki. Sauti iko chini, maneno yanatoka moja moja. Hiyo hamnitumii. Mtu anayepayuka toka mechi ya ufunguzi, siku likitokea la kweli atalisema kwa sauti gani? Sauti yote kaimaliza kwenye kofi la kifua la dakika ya pili.

Mambo ya msingi nayapitia mbio maana yanachosha. Kuna mtangazaji mkuu anayefuata tukio, kuna mchambuzi anayetia chumvi, kuna prodyuza sikioni anayewakumbusha muda. Jua mitupo yako, supleksi na DDT ni mitupo miwili tofauti, ukiita moja kwa jina la nyingine utachekwa na utakuwa umestahili. Tangaza kinachoonekana kwenye monita, usitangaze unachokiona wewe ukichungulia juu ya meza, mtazamaji hayupo hapo mezani. Kunywa maji. Nimemaliza.

Sasa kinachoniuma mimi ni hesabu ya refa. Mtu amelaliwa, mabega yamegusa chini, hiyo ndo pini, na refa akigonga tatu mechi imeisha. Refa anagonga moja, anagonga mbili, jamaa ananyanyua bega. Watangazaji wachanga wote, na mi nilikuwa hivyo hivyo, kila pini wanaipigia ukelele wa mwisho wa dunia, "mojaaa, mbiliii, kaisha huyu, eh hapana!", hata ile pini ya mwanzo kabisa ambayo watu wamesukumana tu na hakuna aliyetoka jasho. Vince McMahon mwenyewe, aliyekuwa bosi wa kampuni ya akina Ross, WWF (baadaye WWE), ambaye alishika maiki ya mtangazaji mkuu miaka mingi kabla hajaachia kiti 1997, alikuwa maarufu kwa ugonjwa huo, anatangaza mshindi halafu anamfuta papo hapo. Mtazamaji ukimdanganya mara nne, ya tano hanyanyuki kwenye kiti, na ya tano ndo ilikuwa ya kweli.

Mi navyofanya, pini za mwanzo nahesabu kawaida tu kama mtu anayehesabu chenji yake, katikati ya mechi naongeza kidogo, na nabakiza roho kwa ajili ya pini moja au mbili za mwisho, basi. Ujanja wenyewe uko kwenye pumzi. Lazima uwe umeivuta kabla mkono wa refa haujagonga mara ya pili, ukichelewa sauti inatoka bega likiwa limeshanyanyuka zamani na unasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Haya mambo hakuna anayekufundisha, unajifunza kwa kuaibika.

Na hapo hapo kuna swali ambalo sisi wenyewe tunalikwepa. Mshindi hupangwa kabla ya mechi, sasa mtangazaji aambiwe mapema nani anashinda, au asiambiwe? Watu wa nje wanadhani tunajua kila kitu, eti maigizo haya, kazi gani hapo. Nimefanya kwa njia zote mbili. Kuna usiku nilikuwa najua, ikaja pini ya uongo, ile isiyofika tatu, tamu sana, ukumbi mzima umesimama, na mi nikaitamka kwa ubaridi mpaka mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza, maana sauti yangu ilikuwa imeshawaambia watu kwamba hii siyo. Kuna usiku mwingine sikuambiwa kitu, nikaimwaga roho yote kwenye finisha, ule mtupo wa kumalizia mechi, ambayo jamaa aliinuka nayo vizuri tu, mwisho wenyewe wa mechi ukanikuta nakohoa. Siku hizi naomba niambiwe mshindi ila nisiambiwe njia. Ni bora zaidi? Kiukweli sijui, inawezekana ni woga tu nimeuvalisha suti.

Tuje kwenye kunyamaza. WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE, ile ya 30, New Orleans, 6 Aprili 2014. Undertaker ameshinda mechi 21 za WrestleMania na hajawahi kushindwa hata moja. Brock Lesnar anampiga F5, mtupo wake wa kumalizia, mara ya tatu, refa anagonga tatu, na hakuna anayeamini. Kamera inapita kwenye nyuso za watu wamefungua midomo, skrini inaandika 21-1, na mezani wapo watu watatu wenye hedseti, Michael Cole, JBL na Jerry Lawler, wamekaa kimya. Wangeongea nini? Chochote ambacho wangesema kingekuwa kidogo kuliko ile sura ya watu. Ila mnaosema "si walikaa kimya tu, hata mi naweza", jaribuni siku moja. Sekunde 10 bila kuongea ukiwa hewani ni usiku wa mgonjwa. Mdomo unawasha, mikono inatafuta makaratasi, unaanza kuhisi watu wote wanafikiri maiki imekufa.

Tena kuna hili la wachambuzi wanaomtetea adui, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Siku hizi kila mtu anataka kuwa mchambuzi mkorofi na anadhani kazi ni kumtukana stelingi. Anamcheka mavazi, anamcheka mama yake, anatupa vijembe vya kuonyesha ana akili kuliko mechi yenyewe. Anamsaidia nani? Ukimdhalilisha stelingi saa nzima, adui akimpiga atakuwa kampiga nani, si mtu mdogo tu?

Jesse Ventura, mchambuzi wa zamani, hakuwa hivyo. Ventura alikuwa anasema ukweli kwa nia mbaya. Hulk Hogan, stelingi mkuu wa enzi hizo, akikwaruza mtu mgongo au akitumia ujanja nyuma ya refa, Ventura alikuwa anauliza kwa nini akifanya huyu mnashangilia na akifanya mwingine mnazomea. Na alikuwa na hoja! Ndo maana alikuwa anaudhi. Mtu mwongo huudhiki naye, unampuuza. Anayeudhi ni yule mwenye hoja unayojua huwezi kuijibu.

Halafu Bobby Heenan, mchambuzi mwingine wa kumtetea adui. Sikilizeni Royal Rumble ya 1992, mkanda wa ubingwa hauna mwenyewe, watu 30 wanaingia mmoja mmoja, ukitupwa nje ya kamba umetoka, anayebaki anauchukua, Ric Flair anaingia wa tatu na anakaa ulingoni kama saa nzima. Heenan ni mtu wa Flair, kwa hiyo saa nzima yupo mezani anateseka, anaomba, analaani, anafurahi, anakata tamaa tena, na mtangazaji mwenzake Gorilla Monsoon pembeni yake anamwambia anyamaze. Kuna mahali Flair kabanwa na Jake Roberts, Roddy Piper anakuja kumpiga Roberts, basi Heenan anamshukuru Piper kwa unyenyekevu kabisa, ile nguo aliyovaa Piper ni kilti, vazi la wanaume wa Uskoti, wala siyo sketi. Mara Piper anamgeukia Flair. Basi, ikarudi kuwa sketi. Mnacheka, lakini angalieni kichekesho kinamwangukia nani. Kinamwangukia Heenan mwenyewe. Flair hajapungua, Piper hajapungua, anayeonekana mjinga ni mchambuzi, na wakati huo huo umekumbushwa kwamba Flair yupo hatarini. Mechi ya watu 30 ni fujo tupu, ni sokoni kule, yeye akaifanya kuwa hadithi ya mtu mmoja asitupwe nje. Bila hedseti ile unabaki na wanaume wanasukumana kwenye kamba.

Heenan huyo huyo ndo analaumiwa kwa tarehe 7 Julai 1996, Daytona Beach. Kwenye kampuni pinzani ya WCW, Scott Hall na Kevin Nash, wavamizi, wanasubiri mtu wao wa tatu ambaye hajulikani, Hogan anatokea, ukumbi unadhani kaja kuwaokoa wenzake, na Heenan anauliza huyu yupo upande gani. Hogan akageuka kweli, akawa yeye ndo mtu wa tatu. Wengi wanasema Heenan aliharibu siri. Mi nasema huyu mtu kamchukia Hogan hewani miaka na miaka, angemshangilia siku hiyo ndo ungekuwa uongo. Ila pia nikiri, ningekuwa mi ndo prodyuza sekunde ile ningeitafuna hedseti.

Na hedseti ndo inanifanya nisijiamini sana ninapowahukumu wenzangu. Mnachosikia nyie siyo lazima kiwe cha mtangazaji. Tarehe 4 Januari 1999 Tony Schiavone, mtangazaji wa WCW, alitangaza hewani, kwa kejeli, kwamba kwenye chaneli ya wapinzani wao WWF Mick Foley anachukua mkanda usiku huo, maana kipindi chao kilikuwa kimerekodiwa kabla. Watazamaji wengi wakahamia huko kumwona Foley. Schiavone anatukanwa mpaka leo na amri ilitoka kwa bosi wake. Utafanyaje, uvue hedseti uondoke?

Michael Cole nilimchukia muda mrefu, nakubali. Nilimwona kasuku, majina ya wadhamini na misemo ya kampuni basi. Mpaka 10 Septemba 2012, Montreal, Jerry Lawler anaanguka na mshtuko wa moyo pembeni yake mezani, hewani. Cole akatoa taarifa kwa utulivu, akawaambia watu hili siyo la onyesho, na mechi zilizobaki zikaenda bila utangazaji, anarudi tu kutoa habari za hali ya mwenzake. Nikajiuliza yule niliyekuwa namzomea miaka yote ni Cole, au ni sauti ya mtu mwingine sikioni mwa Cole. Bado sijapata jibu la kuniridhisha.

Na kabla hamjaniumbua, ndio, najua kuna watu wanaovunja kila nilichoandika. Joey Styles wa ECW, kampuni ndogo ya mieleka ya fujo ya Marekani, alikuwa peke yake mezani, hana mchambuzi, hana pa kupumulia, na ukelele wa kumwita Mungu ndo ilikuwa nembo yake, na alikuwa mzuri sana. Mtangazaji Ichiro Furutachi wa Japani, enzi za mwanamieleka Antonio Inoki, alikuwa anamwaga maneno kwa kasi ya ajabu, na ndiye aliyembatiza Andre the Giant, mwanamieleka jitu, jina la safu ya milima ya binadamu. Sijui Kijapani hata neno, na nikimsikiliza nywele zinanisimama. Huwa najitetea kwamba Styles aliendana na fujo ya ECW yenyewe, na kwamba kasi ya Furutachi ina mpando na mteremko wake, siyo ukuta wa kelele. Inawezekana. Inawezekana pia natunga sababu ili kanuni yangu isife.

Wiki iliyopita nikakaa kusikiliza rekodi yangu mwenyewe, na kalamu mkononi, nihesabu mara ngapi nimesema "haijawahi kutokea". Mara 11, usiku mmoja. Mojawapo ilikuwa jamaa kafungua kamba za viatu vya mwenzie.