Mabano si uchafu wa printa

Jumamosi hapa Gede kijana mmoja kaniletea karatasi mbili za nyigu anayeua funza wa mahindi. Ya zamani imeandikwa Apanteles sesamiae, mpya Cotesia sesamiae. "Mwalimu, mnabadilisha majina mpate miradi." Wallahi, nimeacha kuhesabu ni mara ya ngapi.

Nyigu ni yuleyule: mweusi, milimita mbili tatu, anamfuata funza ndani ya bua na kumtagia mayai mwilini. Pasua bua la mahindi utaona vifukofuko vyeupe vimeshikana kama punje za mchele, ubavuni mwa funza aliyenywea. Si mayai ya funza hayo, jamani, msiyaponde.

Apanteles, jina la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu, lilikuwa kapu la kila kitu. Mwaka 1981 mtaalamu wa nyigu, Mason, akalipakua, na spishi nyingi zikaangukia Cotesia, jina alilolitunga mtaalamu mwenzake wa zamani, Cameron, mwaka 1891. Ndiyo maana twaandika Cotesia sesamiae (Cameron, 1906). Mabano yanasema: huyu Cameron alipompa jina mwaka 1906 alikuwa jenasi nyingine. Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistan na kuachiliwa Pwani mwaka 1993 amkabili Chilo partellus, funza mwingine wa bua, hana mabano, kwa sababu Cameron alimwita Cotesia tangu siku ya kwanza. Historia yote imo katika vijistari viwili, na kila ripoti ninayoandika, mhariri anavifuta!

Lakini kijana angeniuliza swali gumu ningekaa kimya. Sesamiae wa Pwani na wa Kitale ukiwatazama ni pacha. Mpe wa Pwani Busseola fusca, funza wa nyanda za juu, na mayai yake yatazingirwa na chembe za damu ya funza yafe. Ya yule wa Kitale yanaanguliwa. Jina moja, na mkulima akiletewa asiye wake anapata hasara. Mwaka 2017 kundi jingine tuliloliita sesamiae likapewa jina lake, Cotesia typhae.

Flavipes na sesamiae nawatenganisha kwa hadubini, kwa umbo la uume wa dume. Majike, mara nyingi, nabahatisha. Nina kisanduku kizima cha majike wa zamani, vibandiko vimeandikwa sesamiae kwa wino na mwandiko wangu, na nusu yake siwezi kukiapia.

"Sasa mimi niandike nini?" kijana akauliza.

Andika Cotesia, uache nafasi. Kisha shamba, tarehe, na funza uliyemtoa ndani yake. Na usimtupe funza.