Mkeka wa yoga, jasho na krimu ya mchanganyiko: maswali na majibu

Wagonjwa wanaokuja katika kliniki ya ngozi ninayofanyia kazi jijini Dar es Salaam huzungumzia sabuni mpya, maji ya kisima, vumbi la barabarani na chakula walichokula juzi, lakini mkeka wa yoga hautajwi mpaka niuulizie mwenyewe. Masika iliyopita alikuja mama mmoja mwenye duara la wekundu lililoanzia shavuni na kushuka hadi shingoni. Alikuwa amelipaka krimu kwa karibu miezi miwili. Nilimwomba alete mkeka wake, na alipoukunjua sakafuni ilitangulia harufu ya marashi ya lavenda, kisha ukafuata uvundo. Pembezoni mwa mkeka kulikuwa na vidoa vyeusi vya ukungu, na katikati ilionekana alama ya jasho yenye umbo la paji la uso na viganja viwili. Maswali yaliyo hapa chini ni yale aliyoniuliza yeye pamoja na wengine wengi waliomtangulia.

Vifaa vya yoga ni vipi, na vinahusianaje na ngozi?

Ni mkeka, matofali ya povu zito au ya koki (gome jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa), mikanda, mito mirefu na mablanketi. Aliyevipa umaarufu mkubwa ni mwalimu B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyevitumia ili hata mtu mwenye viungo vilivyokakamaa au maumivu apate egemeo. Vyote hugusana na ngozi tupu, hupokea jasho, na hukusanya magamba madogo ya ngozi ambayo kila mwili huyapukutisha.

Ni magonjwa gani yanayoweza kupitia kwenye vifaa hivyo?

Ninayoyaona ni choa (fangasi wa ngozi wanaojitokeza kama duara linalowasha), fangasi wa vidole vya miguu, majipu na chunjua za nyayo. Kwa haki ya vifaa hivyo, lazima niseme kwamba watu wengi huambukizwa choa na mtu wa nyumbani au na paka mdogo mgonjwa, wala si kila mkeka ni hatari. Hata hivyo, mbegu za fangasi zilizomo ndani ya magamba ya ngozi huweza kuishi kwa miezi mingi nje ya mwili, na mkeka uliokunjwa ukiwa na jasho kisha ukafungiwa ndani ya mfuko huzipa giza, joto na unyevu kwa pamoja.

Nimeona duara linalowasha, na nyumbani nina krimu ya mchanganyiko. Je, nipake hiyo kwanza, kisha nije nikiona haliponi?

Hapana. Tafadhali usiipake. Krimu nyingi zinazoitwa za mchanganyiko zina steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni, na kazi ya steroidi ni kuutuliza mwili usipambane. Katika pumu ya ngozi jambo hilo lina manufaa, lakini katika choa ni sawa na kumfunga mlinzi mikono huku mwizi akiwa ndani ya nyumba. Fangasi huendelea kutambaa, na wekundu wenyewe hufifia. Ukingo wa duara, ambao ndio unaonisaidia kuutambua ugonjwa kwa kuutazama tu, hupotea, na matokeo yake ni kwamba mgonjwa anayefika akiwa amechelewa huwa pia na ugonjwa ulioficha sura yake.

Lakini nilipopaka, kuwasha kuliisha siku ya pili. Si ina maana kwamba dawa inafanya kazi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kuwasha ni kelele ya mwili unaopambana, na steroidi huinyamazisha kelele hiyo. Ukiacha kupaka, kuwasha hurudi kwa nguvu zaidi, nawe unapaka tena, na mzunguko huo huendelea kwa wiki na miezi. Nimewaona vijana wenye michirizi mapajani na kwapani, pale ambapo ngozi imekuwa nyembamba kwa sababu ya krimu hizi, na michirizi hiyo haifutiki. Nimemwona pia aliyeanza na duara moja dogo kama shilingi, akaja akiwa na choa kilichozunguka kiuno chote, na dawa ya kupaka haikuweza tena kumtosha.

Muuzaji wa duka la dawa amenihakikishia kwamba ndani ya krimu hiyo mna dawa ya fangasi pia.

Bado jibu ni hapana. Ni kweli kwamba baadhi ya krimu hizo zina steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi katika tyubu moja, na kwa sababu hiyo huuzwa kama dawa ya kila kitu. Dawa ya fangasi iliyomo hulazimika kufanya kazi wakati steroidi inaupunguzia mwili nguvu, na mara nyingi mgonjwa huacha kupaka mara tu muwasho unapokoma, wakati fangasi bado wako hai. Kama umeshaanza kuitumia, njoo, na uje na tyubu yenyewe. Hutagombezwa. Nitagombeza tu ukiificha tyubu mfukoni na kuniambia kwamba hujapaka kitu chochote.

Basi nifanye nini ninapoliona duara hilo?

Fika kituo cha afya ndani ya wiki ya kwanza, ngozi ikiwa haijapakwa chochote, ili magamba machache yakwanguliwe na kutazamwa kwenye hadubini. Kwa choa kidogo cha mwilini, mara nyingi krimu ya fangasi isiyo na steroidi, kama klotrimazoli au terbinafini, hutosha. Hupakwa hadi nje kidogo ya ukingo wa duara, kwa muda wa wiki mbili hadi nne kulingana na dawa na maelekezo uliyopewa, na usiache siku ile alama inapoanza kufifia. Choa cha kichwani, cha kucha, au kilichoenea sana huhitaji vidonge, na vidonge hivyo huandikwa na daktari. Mkeka nao usafishwe siku hiyo hiyo unayoanza dawa, kwa sababu mgonjwa anayepaka dawa jioni na kulalia magamba yaleyale asubuhi anajirudisha alikotoka.

Mkeka usafishwe vipi baada ya mazoezi?

Kwanza ujue mkeka wako umetengenezwa kwa kitu gani. Dondosha matone machache ya maji juu yake na usubiri dakika chache. Yakibaki juu kama yalivyo, mkeka haunywi maji, na kuusafisha ni rahisi. Yakizama, una vinyweleo vilivyo wazi ambavyo hunywa jasho vilevile, na utahitaji saa nyingi zaidi za kukauka.

Chukua lita moja ya maji na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chovya kitambaa safi, kikamue vizuri, kisha futa upande wa juu na wa chini ukikaza mkono pale unapoweka viganja, nyayo na uso. Rudia kwa kitambaa kingine chenye maji matupu mpaka utelezi wa sabuni uishe, kwa maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi na hutelezesha mguu. Nimekwisha kufunga bandeji vifundo vya mikono kwa sababu hiyo. Baada ya hapo uanike mkeka kwenye kamba au juu ya mlango, mahali penye upepo na kivuli, pande zote mbili zikipata hewa. Jua kali la saa sita hukausha haraka, lakini mpira asilia hupasuka na kumeguka ukianikwa juani mara kwa mara.

Ukunje ukiwa mkavu. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wanajua jinsi nguo inavyoweza kushinda kwenye kamba siku nzima ya masika na bado ikawa na unyevu, na mkeka ni mnene kuliko nguo yoyote. Ukiugusa ukahisi ubaridi, haujakauka. Kama huna budi kuubeba ukitoka darasani, ubebe, lakini ukifika nyumbani uutoe mfukoni kabla hujaketi. Mfuko nao ufuliwe.

Kila siku ninapulizia maji yenye siki na mafuta ya lavenda. Haitoshi?

Haitoshi. Harufu nzuri juu ya jasho ni jasho lenye harufu nzuri. Siki ya jikoni si dawa ya kuua vijidudu inayoweza kutegemewa, na mafuta ya manukato huulainisha mpira, huacha utelezi, na kwa baadhi ya watu huamsha mzio unaoweza kufanana na choa. Mtu huyo naye hukimbilia krimu ya mchanganyiko, na tunarudi palepale. Ukipenda harufu ya lavenda, iweke chumbani, na mkeka uufute kwa sabuni.

Je, spiriti au dawa ya klorini inafaa?

Kwa mkeka wako binafsi, sabuni na kukausha vinatosha siku nyingi. Dawa ya kuua vijidudu inahitajika mkeka ukitumiwa na watu wengi, au mtumiaji akiwa na choa au jipu. Uchafu utangulie kuondolewa kwa sabuni, kwa kuwa dawa iliyowekwa juu ya uchafu hupoteza nguvu. Mkeka wa plastiki unaweza kufutwa kwa spiriti ya asilimia 70, ambayo husaidia zaidi dhidi ya bakteria kuliko dhidi ya mbegu za fangasi. Kwa fangasi, klorini ni bora: mililita 30 za dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, ndani ya lita 1 ya maji, hutoa mchanganyiko wa takriban asilimia 0.1. Vaa glavu, fungua madirisha, acha mkeka ukiwa umelowa kwa dakika 10, kisha usuuze na kuukausha. Mpira asilia na koki visipakwe klorini wala spiriti, kwani huharibika.

Klorini isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa ya asidi ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Michanganyiko hiyo hutoa gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu, na wanaoitengeneza kwa nia njema ya kupata usafi wa nguvu huletwa kwetu wakiwa wanakohoa na kushindwa kuvuta pumzi.

Na vifaa vingine?

Blanketi na foronya ya mto mrefu vifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 ikiwa kitambaa kinavumilia, vianikwe juani na kupigwa pasi. Mto wenyewe upigwe jua pande zote. Mikanda ya pamba hufuliwa kama nguo, na hapo ndipo pa kukagua kama bizimu la mkanda limelegea au uzi umekatika. Matofali ya povu hufutwa kama mkeka. Yale ya koki hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, bila kulowekwa.

Darasani kwetu mikeka ni ya pamoja, na ninaona haya kuuliza kama imesafishwa.

Uliza, maana unailipia. Huku ukisubiri jibu, ufute mkeka mwenyewe kabla ya kuanza, na kwa mikao ya kulala na ya kuinamisha uso utandike kanga yako safi juu yake. Ukisimama, iondoe, kwa sababu kanga huteleza. Nawa miguu kabla ya darasa na uikaushe katikati ya vidole, wala usipake mafuta ya mwili dakika chache kabla ya kuingia. Walimu nao nawaomba waache kuirundika mikeka kumi yenye jasho kwenye kikapu kimoja mpaka darasa la jioni. Kamba mbili ukutani zinatosha kuleta nafuu kubwa.

Ni dalili gani zinazotaka nifike hospitali siku hiyo hiyo?

Wekundu unaoenea kwa saa, sehemu inayovimba na kuwa ya moto, usaha, maumivu makali, homa, au mchirizi mwekundu unaopanda kwenye mkono au mguu. Mwenye kisukari asisubiri hata kama ni mpasuko mdogo katikati ya vidole vya mguu. Jipu lisikamuliwe. Na kwa dalili hizi pia, narudia kwa mara ya mwisho, usipake krimu ya mchanganyiko ili uone kama itatulia.

Naweza kuendelea na darasa ninapotibiwa, na je, mkeka wangu niutupe?

Fanya mazoezi nyumbani kwa siku chache za mwanzo. Muulize mtoa huduma wako lini unaweza kurudi, na utakaporudi uifunike sehemu iliyoathirika, uje na mkeka wako, na usimwazime mtu. Mkeka usionyonya maji husafishika na kuendelea kutumika. Ule unaomeguka, au ambao uvundo wake unarudi hata baada ya kuoshwa na kukaushwa, hauna tena namna. Wa yule mama ulikuwa wa aina hiyo, kwa hiyo aliukata vipande na kuvitupa. Alimaliza dawa zake, na sasa mkeka wake mpya hushinda kwenye kamba ya kibarazani, upande wenye kivuli.