Alama ya Programu ya Hisabati Isomwe Pamoja na Shaka Yake

Kila matokeo ya tathmini ya programu za vyuo vikuu yanapotangazwa, sisi wa udhibiti ubora hupokea malalamiko yale yale: "Hisabati imeshuka, uongozi wa idara uwajibishwe." Uchungu wa wazazi na wanafunzi tunauelewa. Ila mara nyingi kinacholalamikiwa si kushuka.

Chukua kundi la wanafunzi 24. Mwaka huu 18 wanahitimu kwa wakati, yaani asilimia 75. Kundi la mwaka unaofuata, lenye idadi ile ile, linatoa 15, asilimia 62.5. Kwa kundi dogo namna hiyo, asilimia 75 yenyewe ni makadirio tu: kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kiwango halisi cha programu kinaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 55 na 88. Wanafunzi watatu hawatoshi kumng'oa mkuu wa idara.

Wala ufaulu mkubwa si kipimo cha uongozi. Hili tumelisema mpaka tumechoka. Mtihani ukilegezwa, ufaulu hupanda. Uongozi wa programu ya hisabati hukaguliwa kwenye mfuatano wa kozi, kwa kuwa hisabati hujengwa ngazi kwa ngazi. Kozi ya msingi ikikosa mhadhiri muhula mmoja, na hutolewa mara moja tu kwa mwaka, wanaoihitaji ili kuendelea hupoteza mwaka mzima bila kosa lao. Dodoso la maoni ya wanafunzi haliwezi kuonyesha hasara hiyo vizuri, maana walioacha masomo hawapo kulijaza.

Yapo pia mambo yasiyohesabika, kama ubora wa ushauri kwa wanafunzi. Hapo wakaguzi hulinganisha vigezo viwili viwili kwa mizani ya 1 hadi 9 ya mwanahisabati Thomas Saaty: 1 ni vigezo vyenye uzito sawa, 9 ni kimoja kumzidi mwenzake kwa mbali. Kiwango cha kujipinga, yaani kipimo cha jinsi majibu ya mkaguzi yanavyogongana yenyewe kwa yenyewe, kikizidi 0.10, ulinganisho hurudiwa. Neno kama "inaridhisha" hupewa daraja kati ya 0 na 1, kwa nadharia ya seti zisizo na mipaka dhahiri (fuzzy sets) aliyoiandika mwanasayansi Lotfi Zadeh mwaka 1965, badala ya ndiyo au hapana.

Utaratibu ni huu. Idara hujitathmini kwa maandishi. Jopo la wataalamu kutoka nje husoma, hutembelea, huhoji. Rasimu hurudishwa kwa idara kusahihisha makosa ya taarifa pekee. Kupinga maoni ya jopo ni hatua nyingine, ya rufaa, na barua zinazochanganya hayo mawili hurudishwa zilikotoka. Baadaye hutolewa uamuzi juu ya ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa ubora wa programu: ithibati kamili, ithibati yenye masharti, au kunyimwa. Masharti yasipotekelezwa ndani ya muda uliotajwa, udahili unaweza kusimamishwa. Takwimu za kughushi ni kosa zito kuliko takwimu mbaya: hoja iliyojengwa juu yake hufutwa, na ithibati yenyewe huingia hatarini.

Mwenye lalamiko aambatishe ratiba za kozi za angalau miaka mitatu, pamoja na idadi ya waliosajiliwa na waliojibu dodoso. Asilimia iliyoletwa bila idadi hiyo hatuwezi kuifanyia kazi.