Sheria ya data haijamnyang'anya mama simu yake

Ijumaa iliyopita nimelikuta tena lile bango. Safari hii lilikuwa kwenye geti la shule moja hapa Mombasa, siku ya mahafali ya watoto wa PP2, mwaka wa mwisho wa elimu ya awali: "Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data, wazazi hawaruhusiwi kupiga picha." Mbele yake askari kasimama, na mama mmoja anamweleza kwa upole kwamba bibi yake mtoto yuko Muscat, anangoja kumwona mjukuu na joho lake. Askari hana kosa, kaagizwa. Mimi namtaka aliyemwagiza.

Kazi yangu ni kuzishauri shule kuhusu data za wanafunzi, na swali hili nimelijibu mpaka nalijibu usingizini. Hapana, sheria haikatazi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamwacha nje mtu anayeshughulika na data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani. Mama akimpiga picha mwanawe anapopokea cheti, hata kama nyuma yake wameingia watoto wanne wa wenzake, mmoja kidole puani, hayo ni mambo ya nyumbani. Basi.

Sasa tuingie ukumbini, maana huko ndiko damu inakonichemka. Simu za wazazi zimezimwa, lakini mpiga picha wa kukodiwa anazunguka na kamera mbili, na kila nakala atakuuzia shilingi 200. Jioni picha zile zile ziko kwenye ukurasa wa Facebook wa shule, jina la mtoto na darasa lake vimeandikwa chini, na tangazo la nafasi za mwaka ujao limepachikwa juu. Kati ya mama na shule, nani hasa anayeguswa na sheria? Shule. Shule ndiyo mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumike kwa nini na vipi. Kifungu cha 33 kinamwambia yeye: usichakate data ya mtoto mpaka mzazi au mlezi awe ametoa idhini, na uchakataji wenyewe uwe unalinda haki na maslahi bora ya mtoto.

Hiyo "na" naomba muisome tena. Walimu wakuu wakifika kwenye idhini wanafunga kitabu. Wananitolea fomu ya kujiunga, ukurasa wa tatu, kipengele cha 14, kati ya bei ya sweta na saa ya kuondoka basi: "Mzazi anakubali picha zitumike kwa shughuli za shule." Mzazi katia sahihi amesimama kwenye foleni ya malipo. Mnaiita hiyo idhini? Anayetakiwa kuithibitisha ni shule, na mzazi anaweza kuiondoa siku yoyote. Hata angeitoa kwa moyo mweupe, bado utajibu sehemu ya pili: picha ya mtoto wa miaka mitano kwenye tangazo la biashara inamfaidi nini yeye? Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kesi hiyo hiyo ndiyo walimu wakuu wanayonitajia kutetea bango. Aliyetozwa alikuwa shule, jamani! Ni sawa na jirani yako kukamatwa kwa mwendo wa kasi, nawe ukaenda kuwakataza watu kutembea kwa miguu.

Wazazi msishangilie bado. Kupiga ni jambo moja, kutandaza ni jingine. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja wa Sweden, mhudumu wa kanisa, aliyeweka kwenye tovuti yake habari za wenzake, pamoja na mmoja aliyeumia mguu. Alisema ni mambo yake binafsi. Mahakama ikasema kitu kinachoweza kuonwa na watu wasiohesabika kimeshatoka nyumbani. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila hoja yake nzito.

Halafu kuna grupu la WhatsApp la darasa. Wazazi 60, shangazi, na yule aliyeingia wakati wa harambee akasahau kutoka. Hapo ni nyumbani? Sheria haikutaja idadi. Mchana nasema ndiyo. Usiku nawakumbuka watoto ambao mama zao wamehama mji kumkimbia mtu. Watu huniuliza kuhusu data ya mahali inayofichwa ndani ya picha. WhatsApp huiondoa ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama dokumenti huiacha. Hayo ya nini, na nembo iliyo kifuani mwa mtoto tayari inataja shule yake?

Kwa sababu hiyo niliwahi kuishauri shule moja izuie simu zote. Kulikuwa na mtoto mmoja wa aina hiyo, na sikuona njia nyingine. Hadi leo sijui kama nilikosea. Ninalojua ni kwamba niliwaambia waseme wazi ni uamuzi wa shule kwa usalama wa watoto, wasiisingizie sheria. Shule ina mamlaka ya kuweka masharti kwenye ukumbi wake.

Jaribio langu la awali lilikuwa baya zaidi: utepe mwekundu mkononi kwa kila mtoto asiyetakiwa kupigwa picha. Msichana mmoja akamwuliza mwalimu amefanya kosa gani. Siku hizi nashauri sherehe ipite bila simu, kisha kila familia ipewe dakika chache mbele ya pazia, na mtoto wao peke yake. Ni polepole, na kina baba wananung'unika.

Mwalimu mkuu mwenye bango amenipigia jana. Amekubali kulitoa. Kisha akaniuliza, kwa furaha, kama kuna tatizo lolote na droni waliyoikodi kwa siku ya michezo. Nikamwuliza picha zitakwenda wapi.

"YouTube," akasema. "Mubashara."