Gwaride la Maua la Zundert: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Jumapili ya kwanza ya Septemba ya kila mwaka, majira ya joto yanapokaribia kwisha, mji mdogo wa Zundert ulioko kusini mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ubelgiji, hupitisha barabarani magari makubwa 20 yaliyofunikwa kwa maua ya dalia kuanzia chini hadi juu. Picha za gwaride hilo husambaa sana mitandaoni, na kwa bahati mbaya husambaa pamoja na maelezo ambayo yanawanyima wenyeji wa mji huo sifa wanayostahili.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maua hayo hununuliwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki dhana hii inaeleweka, kwa kuwa tunajua jinsi mawaridi ya Naivasha yanavyosafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na kuuzwa katika mnada wa Aalsmeer. Lakini ua la dalia halina ustahimilivu wa waridi: likishakatwa hunyauka baada ya siku chache tu, na kwa sababu hiyo haliwezi kukaa muda mrefu njiani wala ghalani. Watu wa Zundert hulazimika kuwa na mashamba yao pale pale. Mizizi ya dalia, ambayo asili yake ni Mexico, huvimba mithili ya viazi. Hupandwa baridi ikishapungua na hung'olewa tena kabla ya majira ya baridi, kwa sababu ikigandishwa ardhini huoza. Katikati ya kiangazi mpita njia anaweza kuwaona watu wakichuma maua yaliyochanua vizuri na kuyaacha, akadhani ni ubadhirifu. Huo ndio utunzaji wenyewe, kwani mmea ulioachwa na maua yake mpaka yafanye mbegu hupunguza kuchanua, na mwanzoni mwa Septemba yanahitajika maua mengi mno, yaliyo mapya, kwa wakati mmoja.

Wengine huamini kwamba ni tulipu. Gwaride la tulipu na mahayasinti lipo, ila ni jingine kabisa: hufanyika Aprili, kutoka Noordwijk hadi Haarlem. Tulipu huchanua majira ya kuchipua, na ifikapo Septemba zimekwisha kitambo.

Inadhaniwa pia kwamba magari hayo ni kazi ya kampuni za matangazo au mafundi wa kulipwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo upotoshaji unapoumiza zaidi. Magari ni 20 kwa sababu vitongoji vinavyoshindana ni 20, na kila kitongoji hujenga gari lake kwa kazi ya kujitolea. Wabunifu huleta mifano midogo ya magari, wanakitongoji wakachagua mmoja wao, kisha kwa miezi kadhaa watu wazima na vijana hukutana jioni na siku za mapumziko, baada ya kazi na masomo yao, ndani ya mahema makubwa. Huko wanachomelea vyuma kuwa kiunzi, wanakivika waya, na juu ya waya wanabandika tabaka za karatasi na gundi hadi umbo litokee. Maua huwekwa siku za mwisho kabisa, moja moja, kwa gundi au kwa misumari midogo, na wakati huo wazee na watoto nao wana nafasi yao. Mtu aliyejifunza kuchomelea vyuma katika hema la kitongoji chake hajaajiriwa na yeyote. Anafanya kazi hiyo kwa sababu kitongoji hicho ni chake na kinashindana na cha jirani, mbele ya majaji wanaoyapanga magari yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Ukilitazama gwaride kama tangazo la biashara ya maua, jitihada hii yote haionekani.

Kuhusu rangi, si kweli kwamba maua hupakwa. Mbunifu hufanya kazi na rangi zilizomo shambani, na anajua mapema kwamba hakuna dalia ya buluu. Akitaka bahari au anga, ni lazima atafute njia kwa kutumia zambarau, nyeupe na vivuli vya umbo lenyewe.

Wala magari hayaendeshwi kwa injini. Yanasukumwa na watu waliojificha ndani, makumi kwa makumi, na mara nyingi watu haohao ndio wanaofanya mkono wa sanamu uinuke au kichwa cha mnyama kigeuke.

Kwa kuwa Vincent van Gogh alizaliwa Zundert mwaka 1853, wapo wanaosema gwaride lilianzishwa kwa ajili yake. Lilianza mwaka 1936, na kwa kawaida kila kitongoji hujichagulia mada. Mwaka 2015, ilipotimia miaka 125 tangu mchoraji huyo afariki, magari yote yalimhusu yeye, lakini huo ulikuwa mwaka wa pekee. Vilevile, UNESCO ilipoutambua utamaduni huu mwaka 2021 haikuitaja Zundert peke yake: ilitambua magwaride ya maua na matunda ya Uholanzi kwa ujumla, likiwemo la Tiel ambako magari hupambwa kwa matunda na mboga.

Mwisho, magari hayahifadhiwi kwenye jumba la makumbusho. Jumatatu husimamishwa mahali pamoja ili watu wayaone kwa karibu, maua yakiwa yameanza kulegea. Baada ya hapo huvunjwa. Anayetaka kuyaona, basi, afike Jumapili yenyewe au siku inayofuata.