Betri ya haibridi: kabla ya kuuliza bei, ifunguliwe

Simu zangu nyingi huanza hivi: "Fundi, betri ya Prius shilingi ngapi?" Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Buzuruga, Mwanza, na jibu langu huwaudhi watu: sijui, mpaka niifungue.

Prius na Aqua ni magari ya haibridi ya Toyota, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Betri ya Prius ya 2003 hadi 2009 ni vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua ya toleo la kwanza ina vipande 20, volti 144. Gereji tunaviita "seli", ingawa kila kipande kina seli sita ndani yake. Kwa kuwa umeme uleule unapita ndani ya vyote, kipande kimoja kibovu kinawaangusha wenzake.

Mama mmoja anayechukua dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba aliniletea Aqua. Gereji ya kwanza ilishamwambia betri nzima imekufa. Kwenye kompyuta ilisoma P0A80, namba ya hitilafu inayosema badilisha betri ya haibridi, ambayo mafundi wengi wakiiona wanatangaza msiba palepale. Nikainua siti ya nyuma. Mdomo wa feni inayopoza betri ulikuwa umeziba kwa vumbi, nyuzi za magunia na vichwa vya dagaa vilivyokauka. Betri ilikuwa inajipika yenyewe.

Vipande 18 vilisoma volti 7.8 au 7.9. Viwili vya katikati, ambako joto hukaa, vilisoma 6.6. Upungufu huo wa volti 1.2 ni seli moja nzima iliyokufa ndani ya kipande.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Ukibadilisha hivyo viwili, taa inazima, mteja anafurahi, na baada ya wiki chache anarudi amenuna. Volti ya kipande kilichopumzika inadanganya. Nilikifungia kila kipande balbu ya taa ya mbele kwa dakika mbili, nikiangalia mita. Vinne vingine vikaporomoka. Sasa ni sita kati ya 20.

Nikamwambia wazi: mama, tukiweka sita vya mtumba tunatia kiraka kwenye nguo iliyochakaa, seti nzima ya vipande vipya ndiyo dawa, ila ni pesa nyingi. Akanijibu, "Mtaji wangu uko kwenye magunia, mwanangu. Nipe miezi." Nikaheshimu. Gharama ya kazi hiyo haikuwa vipande peke yake; siku mbili zilikwenda kwenye kuchaji na kunyonya, kuchaji na kunyonya, mpaka vyote 20 vilingane, na kusugua kutu ya kijani kwenye vibati vya shaba. Fundi anayekuahidi kumaliza kabla ya mchana hafanyi haya.

Betri nzima ya mtumba kutoka Japani? Nunua, lakini ipimwe kwa mzigo, kama nilivyofanya kwa balbu, mbele yako kabla ya kutoa hela. Betri huzeeka hata ikiwa imekaa stoo.

Wengine huniuliza kama naweza kuichomoa tu, gari litembee kwa petroli. Haiwezekani. Prius na Aqua hazina stata ya kawaida. Betri kubwa ndiyo inayoamsha injini. Na tafadhali, usimpe kijana wa mtaani aifungue kwa spana tupu. Unavaa kwanza glavu za umeme, unachomoa plagi ya rangi ya chungwa, unasubiri dakika kumi. Volti 144 za mkondo mnyoofu (DC) zinaua.

Yule mama alirudi baada ya miezi tisa, kipande kingine kimekufa. Safari hii alikuja na pesa ya seti nzima kwenye mfuko wa rambo, na feni ilikuwa safi kabisa. Dagaa siku hizi anawapandisha kwenye guta.